Shamba Lisilopandwa Kitu

Nilimwahidi Mama Mlezi wa bweni letu kwamba sitavuka ziwa kabla sijaandika habari za Bwana Afya. Aliipokea ahadi hiyo akiwa amesimama mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, naye akaiwekea masharti. Kwanza, nisilitaje jina halisi la Bwana Afya.

"Ukiliandika jina, waitu Mwalimu wetu, hatakaa tena nyumbani. Atazunguka Bukoba nzima akiwasomea watu, mpaka abiria wa meli."

Halafu akanitaka nisiwaache vyura nje ya habari hii. "Usije ukamfanya malaika," alisema. "Andika na vyura."

Vyura watakuja. Kwanza nieleze kwamba Bwana Afya ni jina la kazi, na kila wilaya ina wake: ndiye mtumishi wa serikali anayekagua vyoo, visima, masoko na machinjio. Wetu alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Miembeni, Bukoba, Mhaya wa mjini, na eneo lake lilifika mpaka kule kwetu Muleba. Alikuja kwa basi, baiskeli yake ikiwa imefungwa juu pamoja na mizigo. Aliposhuka, jambo lake la kwanza halikuwa kusalimia watu bali kukagua viatu vyake. Vilikuwa vya turubai, vyeupe, vimepakwa chokaa kila asubuhi. Katika wilaya nzima hapakuwa na mtu aliyefanya kazi chafu kuliko yake, wala hapakuwa na mtu aliyevaa viatu vyeupe kuliko vyake. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa ukali kidogo: "Mwalimu, nikija na viatu vichafu, nani atanisikiliza nikisema habari za usafi? Watasema nimeleta uchafu wangu kutafuta wenzake."

Alikuwa na majivuno, na hakuyaficha. Alipenda kuitwa, kusubiriwa na kupigiwa makofi. Mbele ya maofisa wa Kizungu alisema Kiingereza kilichonyooka kama suruali iliyopigwa pasi, lakini alipojigonga kidole alilalamika kwa Kihaya, tena kwa maneno ambayo Mama Mlezi alikataa kunifasiria. Kwa watu wa misheni alikuwa na utani usioisha. "Maji machafu hayana dini," alimwambia mchungaji wetu, "ila ya kwenu Walutheri yanashuka polepole, kwa sababu ya kuimba beti zote."

Sasa niseme kwa nini mtu huyu ana haki ya kukumbukwa. Shule yetu ni ya wasichana, na wengi wao hutoka mbali. Bila bweni hawawezi kusoma. Bweni limekaa juu ya mgongo wa kilima, na chini yake, upande wa mashariki, iko chemchemi ambayo kijiji kizima huchota maji. Kwa ajili ya chemchemi hiyo serikali haikukubali wasichana walale pale mpaka ihakikishiwe kwamba maji machafu ya bweni hayatawafikia watu. Bwana Afya ndiye aliyetoa hakikisho hilo. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba akina baba wawatoe binti zao. Na Bwana Afya huyohuyo ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kulifunga bweni siku hakikisho lake litakapovunjika. Wengine walisahau kwamba mambo hayo mawili yamewekwa juu ya mabega ya mtu mmoja. Yeye hakusahau.

Habari ya jinsi alivyochagua mahali nilisimuliwa na Mwenyekiti wa wazazi, mzee mkulima mwenye kibanja kikubwa cha migomba na ulimi mrefu. Alisema Bwana Afya alifika na kiti cha kukunja, akachimba shimo dogo upande wa magharibi wa kilima, mbali na chemchemi, akalijaza maji, akakaa kando yake na saa ya mfukoni. Watu wakajaa.

"Bwana Afya," Mwenyekiti akauliza, "unangoja nini hapo? Samaki?"

"Nangoja jibu, mzee. Nimeiuliza ardhi kama ina kiu."

"Imesema nini?"

"Bado inakunywa. Anayekunywa haongei."

Akina mama walidhani serikali imeleta mganga. Lakini kipimo kile kilikuwa na maana. Ardhi ya mchanga humeza maji upesi mno na kuyapitisha yakiwa bado machafu. Ardhi ya mfinyanzi huyakataa, yakabaki juu. Bwana Afya alitafuta ardhi inayokunywa kama mgeni mwenye adabu, bila kugugumia na bila kusukuma kikombe. Alichimba hapa na pale mpaka akaipata. "Uliza ardhi kwanza" likawa neno lake kwa kila jambo. Kijana mmoja alipomwomba ushauri wa kuoa, alimwambia aulize ardhi kwanza, na kijana akaondoka akiwa ameridhika, sijui kwa nini.

Kazi ya mtambo wenyewe wa maji machafu, yaani karo la chini ya ardhi na mabomba yake, aliwafundisha wasichana kwa mchezo, na mchezo huo nimeufundisha kila mwaka tangu nilipouona. Aliwapanga uwanjani. Hawa wakae chini: ninyi ni tope zito, mmezama ndani ya karo. Hawa wapande juu ya mabenchi: ninyi ni mafuta na povu, mnaelea. Ninyi wa katikati ni maji yaliyotulia, na ni ninyi peke yenu mnaoruhusiwa kutoka. Wakatoka, wakapita mahali pa kugawanywa, wakafuata mistari mitatu iliyochorwa kwa majivu. Mistari hiyo ilikuwa mabomba ya udongo wa kuchoma, yaliyolazwa juu ya kokoto ndani ya mitaro, mwanya kidogo ukiachwa kila bomba linapokutana na jingine ili maji yavuje. Pembeni walikuwa wamejipanga wasichana wadogo, kila mmoja akiwa kiumbe asiyeonekana aishiye udongoni. Maji yalipopita, viumbe waliwanyang'anya vipande vya karatasi walivyoshika, ndio uchafu, mpaka wakafika mwisho mikono mitupu.

"Nani amefanya kazi?" Bwana Afya akauliza.

"Karo!" wakaitikia.

"Karo limepanga watu tu. Nani amefanya kazi?"

Msichana mdogo kuliko wote, aliyekuwa kiumbe, akanyoosha mkono: "Sisi, Bwana Afya. Lakini tumebanwa sana hapa, hatupumui."

Alifurahi hata akavua kofia. "Sikieni! Hawapumui! Ukiikanyaga ardhi ile, ukiifunika, ukiimwagia maji yote kwa siku moja, hawa hawapumui. Wakifa hawa, maji yatapanda juu yakiwa kama yalivyoingia."

Nafika kwenye vyura. Mtu huyu, aliyefunua makaro ya wilaya nzima bila kukunja uso, aliogopa vyura. Hakuwachukia, aliwaogopa. Chura akiruka, Bwana Afya aliruka juu zaidi. Alijua kwamba watu wanajua, akatengeneza hoja ya kitaalamu ya kujifunika. "Chura ni mwandishi wa habari," alisema. "Akionekana mahali pakavu, ujue kuna maji yaliyofichwa. Mimi simkimbii. Ninaikimbilia habari yake." Mama Mlezi alimjibu kwamba hajapata kumwona mtu akikimbilia habari kwa kurudi nyuma.

Na ni chura aliyenikutanisha naye. Nilipofika Muleba kutoka chuoni, Bwana Afya alikuwa amepelekwa wilaya nyingine kwa muda, na walimu walioliona bweni likijengwa walikuwa wamekwisha kuhama. Mama Mlezi naye alikuwa mgeni kama mimi. Nyuma ya bweni tulikuta kibanja kidogo kilichopendeza ajabu: migomba minene, mikungu mizito iliyoegemezwa miti, na chini yake matandazo ya nyasi kutoka rweya, uwanda wa nyasi nje ya kijiji, mazito kama godoro. Tulimshukuru Mungu. Tuliambiwa ni zawadi ya wazazi. Wakati wa likizo, Mwenyekiti alikuwa amewaongoza kuipanda, kwa sababu Mhaya akiona nyumba isiyo na migomba huiona kama mtu aliyesimama barabarani bila nguo. Walichagua mahali penye majani mabichi kuliko pote. Waliokumbuka mabomba yaliyo chini hawakuona mgomba ungeyadhuru vipi. Mkulima gani asingechagua hapo?

Bwana Afya akarudi. Ilikuwa kiangazi, jua la saa sita, na vumbi jekundu limefunika barabara yote. Alishuka kwenye baiskeli, akasimama, akainamisha kichwa.

"Mwalimu," akaniambia kabla ya kuniuliza jina, "hao wanafanya nini hapa kiangazi hiki?"

Nikasikiliza. Vyura walikuwa wakiimba ndani ya migomba.

Aliingia. Nakumbuka alivyoingia, maana najua sasa kilimgharimu nini. Alifika katikati, kiatu chake cheupe kikazama katika matandazo na maji meusi yakapanda mpaka kwenye kamba. Alikitazama kiatu hicho muda mrefu. Kisha akatoka, akakaa juu ya jiwe, na majivuno yote yakamtoka usoni.

"Mama," akamwambia Mama Mlezi, "muhula huu chimbeni vyoo vya shimo vya muda, kule nitakakoonyesha. Ukifunguliwa muhula mwingine na hali ikiwa hivi, nitalifunga bweni."

"Ukilifunga, wataenda nyumbani."

"Najua."

"Na wapo wasiorudi, Bwana Afya. Wapo ambao baba zao wanangoja sababu tu."

"Najua, Mama. Mimi ndiye niliyewaomba baba zao."

Wazazi wakaitwa. Bwana Afya alisema wazi kwamba migomba lazima iondoke. Ukazuka mngurumo. Mwenyekiti alisimama na fimbo yake.

"Mgomba wenye mkungu unakatwa? Nani amekufa hapa? Tumewavika watoto nguo, wewe unakuja kuwavua?"

Mzazi mwingine akauliza lililokuwa mioyoni mwa wengi: je, ndizi wasichana walizokula zilikuwa najisi? Hapo ingekuwa rahisi kuwatisha. Akisema ndiyo, migomba ingelala chini kabla ya jua kushuka. Nilimtazama nikaona kwamba alilifikiria.

"Hapana," alisema. "Ndizi iko juu, ndani ya ganda lake, nao waliipika. Watoto wamekula chakula safi na kizuri. Kosa si la ndizi, ni la mizizi. Asiyeamini na anifuate."

Akachukua jembe mwenyewe. Alifukua mtaro mmoja taratibu mpaka kwenye bomba la udongo, akaliinua, akaingiza mkono, akavuta. Kilichotoka kilikuwa mzizi juu ya mzizi, umesukwa ukajaa bomba zima, mrefu na mweusi kama mkia wa ng'ombe. Akaukabidhi mikononi mwa Mwenyekiti. Mzee akaupima uzito, akaunusa, akatikisa kichwa.

"Kumbe imeingia mpaka kwenye mtungi," alisema, akionyesha bomba la udongo.

"Imeingia, ikanenepa, ikaziba. Na yale matandazo yamezuia jua lisikaushe chochote. Mzee, kibanja chenu ni kizuri kuliko vyote nilivyoona. Kimekaa tu juu ya pua ya mtu anayelala."

Kila mtu pale alijua uamuzi ni wa mzee huyo. Mwenyekiti alizunguka migomba ile akiigusa mmoja mmoja, kisha akarudi.

"Sitaki isemwe kwamba tuliikata," alisema. "Ina watoto miguuni. Kila mzazi achukue mche wake akaupande kwake. Migomba iolewe, wasichana wabaki."

Bwana Afya ndiye aliyecheka kwanza, tena kwa sauti, halafu kilima kizima. Siku ya kung'oa, akina mama walibeba miche vichwani wakaiimbia nyimbo za arusi kuteremka kilimani. Wapo walioisindikiza kwa vigelegele, na Mwenyekiti alijifanya baba wa bibi arusi akajifuta machozi kwa jani.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Mabomba yaliyoziba yalitolewa, mengine yakalazwa katika mitaro mipya sambamba na ya zamani, ili ile ya zamani ipumzike. Bwana Afya alipima usawa kwa chupa ya maji yenye povu moja, akilala kifudifudi, jicho moja limefumbwa, bila kujali nguo. Wasichana walipitisha kokoto kwa vikapu. Pale maji yanapogawanywa aliweka vibao vya kuzibia, tuweze kuupumzisha mtaro huu na kuutumia ule. Upande wa juu wa kilima alichimbisha mfereji wa kuepusha maji ya mvua. Mwisho akasambaza udongo laini juu, akapanda majani mafupi, akasema hapo pasiwekwe tena kitu chochote. Wasichana wakapaita Shamba la Bwana Afya.

Muhula ulipofunguliwa, alikuja, akasimama katikati ya majani yale na viatu vipya. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kimya," alisema. "Mama, waambie wasichana wafungue masanduku yao."

Tangu siku hiyo alikuja mara kwa mara, akiwa na fimbo ndefu iliyozungushiwa kitambaa cheupe. Aliiteremsha ndani ya karo mpaka chini, akaipandisha polepole, na mahali kitambaa kilipokuwa cheusi palionyesha tope limefika wapi. Likipanda sana aliagiza litolewe na kufukiwa mbali, kabla halijavuka kwenda kwenye mabomba. "Tope likiingia mitaroni, ardhi itafumba mdomo," alisema, "na ardhi haibembelezwi." Kisha alipita jikoni.

"Mama, majivu ya kusugulia sufuria yamekwenda wapi?"

"Kwenye mashina ya kahawa, Bwana Afya, si bombani."

"Na mafuta ya sufuria?"

"Mafuta yabaki? Kwani hapa kwa gavana?"

Siku moja lori la kahawa lilipanda majani yale ili ligeuze. Bwana Afya alikimbia akipunga kofia. "Toa gari juu ya paa la nyumba yangu!" Dereva alitoa kichwa dirishani, akatazama huku na huku. "Nyumba iko wapi, mzee?" "Umeikanyaga!" Dereva alirudi nyuma kwa woga mkubwa, na mpaka leo madereva, wakisema habari za shule yetu huko barabarani, hudai ina nyumba chini ya ardhi.

Nilitoka chuoni nikiwa na imani, na bado ninayo, kwamba nchi hii itajengwa na watu watakaofanya kwa uaminifu kazi zisizoonekana. Bwana Afya aliitia imani hiyo nyama na damu, pamoja na kelele. Alitaka sifa kwa kila jambo dogo alilolifanya. Lakini siku ambayo uongo mdogo ungempa ushindi, hakuusema.

Juma hili, nikiwa Bukoba nangoja meli ya kunipeleka kazini ng'ambo, nilimtembelea Miembeni. Amestaafu. Viatu bado ni vyeupe. Nyuma ya nyumba yake, katika mtaa ambao kila ua una migomba, pana kipande cha majani mafupi kisicho na kitu. Majirani hukiita uwanja wa mpira.

"Karibu uone Mhaya anayenunua ndizi sokoni," mkewe alinipokea. "Mimi naaibika, Mwalimu. Wenzangu wananiuliza kama tumefilisika."

"Unao mmoja, Mama," Bwana Afya alisema, akionyesha kwenye ua, mbali kabisa na majani. Ulikuwa mgomba mnene wenye mkungu. "Huyu ni bibi arusi kutoka Muleba. Mwenyekiti alinitumia."

Tulikunywa chai. Mvua ilikuwa imenyesha, na chura akapita mbele yetu bila haraka. Bwana Afya aliinua miguu yote miwili akaiweka juu ya kiti bila kukatiza sentensi yake. "Ni masika," alieleza. "Ana ruhusa."

Kisha akaniuliza nani anabaki shuleni. Nikamwambia Mama Mlezi anaondoka mwisho wa mwaka kwenda kwa mwanawe. Akauliza habari za Mwenyekiti. Nikamwambia mzee haoni tena vizuri, hapandi kilima. Akauliza kama tuliweka kibao cha kuonya watu pale kwenye majani. Nikasema tuliweka, mvua ilifuta maandishi, na siku kuni zilipopungua jiko likakimaliza. Alicheka, kisha akaweka kikombe chini.

"Unajua, Mwalimu," alisema, "bweni lile halitafungwa kwa sababu ya adui. Hakuna adui. Litafungwa kwa sababu ya mtu mwema atakayefika na jembe, aone majani yamestawi, awahurumie watoto."

Nikamwambia kwamba nimeahidi kuandika. Akaniuliza mara moja kama jina lake litakuwamo. Nilipomwambia masharti ya Mama Mlezi, alisononeka kama mtoto. Kisha akasema, "Basi andika mahali. Mahali ni muhimu kuliko mimi." Akafikiri. "Karibu sawa na mimi."

Kwa hiyo nakuomba, msomaji. Huenda utapangiwa kazi katika shule yetu, au utakuja kumtazama mwanao, au utapita tu. Nyuma ya bweni, upande wa magharibi wa kilima, utaona kipande cha ardhi chenye majani mabichi kuliko yote, nawe utaona uchungu kwamba kimeachwa bure. Hakikuachwa bure. Tafadhali, usipande kitu pale. Na ukimwona mtu amekwisha kuinua jembe, mzuie kwa upole, umwambie kwa nini.